Tundu la Hewa kwenye Seli ya Mwisho

Siku yangu ya kwanza kazini nilionyeshwa mtu akivua viatu. Alikuwa kwenye skrini, ndani ya kituo cha polisi kusini mwa London, na askari alikuwa amemwamuru avue kabla ya kuingizwa seli. Akainama, akafungua kamba za kiatu cha kushoto, akamtania askari jambo fulani, wote wawili wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika kalamu, nikijua kwamba mtu yule ameshazikwa. Ndiyo maana video yake ilikuwa kwetu.

Nyinyi niliowaacha ofisini mnatazama video hizi mezani kwenu, kahawa pembeni. Wakati huo kulikuwa na chumba maalumu mwisho wa ukumbi, hakina dirisha, na mlango wake ulijifunga wenyewe nyuma yako, polepole, ukitoa pumzi kama mtu aliyechoka. Nilikuja kuuzoea mlango ule kuliko nilivyowazoea baadhi ya wakubwa zangu.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Geraldine, mama wa Kiairishi aliyekuwa mkaguzi wa bima za moto kabla ya kuja kwetu. Alikuwa mfupi, mkavu wa maneno, na alivaa viatu vya soli laini ili asisikike akitembea. Alinipa amri moja kabla ya kubonyeza kitufe.

"Mara ya kwanza usiisimamishe," alisema. "Hata ukitaka kukohoa. Yeye hakuweza kuisimamisha."

Halafu akaielekea skrini na kumwambia yule marehemu, "Habari ya asubuhi, mpenzi."

Nilidhani nimepangiwa mwendawazimu. Baada ya miezi michache nilikuwa nikifanya vivyo hivyo, kwa lugha yangu. "Hujambo, mwanangu," nikishaketi. Hakuna aliyewahi kuniitikia, na hilo nalitaja kwa sababu zilikuwapo siku nilizosubiri jibu.

Mimi ni mtu wa Mombasa. Nilikuja London kusoma, nikaolewa, nikahamia Ilford, na kwa miaka mingi nikafanya kazi katika ofisi ya nyumba za umma nikipokea malalamiko ya unyevu ukutani. Kazi ile ilinifunza jambo moja ambalo chuo hakikunifunza: mtu akija akilia kwamba ukuta wake una maji, mara nyingi ukuta huo una maji. Nilipoona tangazo kwamba ofisi ya raia inayochunguza polisi inatafuta watu, niliomba. Mtu akifa mikononi mwa polisi, au akitoka kwao amevunjika, ni ofisi hiyo inayoitwa, si polisi wenyewe. Ndivyo sheria inavyosema. Majirani zangu Ilford waliniuliza miaka yote kama mimi ni polisi. Polisi nao waliniuliza miaka yote mimi ni nani hasa.

Geraldine alinipa vifaa vyake alipoondoka: tochi ndogo, futi ya fundi na chupa ya chai. Alisema vingine vyote nitavipata kwa kwenda mahali penyewe. "Moto hauandiki taarifa," alikuwa akisema. "Ukitaka kujua ulipoanzia, ingia ndani ya nyumba iliyoungua ukae." Nami nikawa mtu wa kukaa. Nimekaa nyuma ya magari ya polisi, kwenye ngazi, kwenye vyoo vya vituo, juu ya magodoro yao ya bluu. Wenzangu waliniona kituko.

Kazi hii huingia mwilini. Kamera za seli hutazama kutoka pembe ya dari, na baada ya muda nilianza kuota nikiwa darini. Nikiwa jikoni kwangu napika maharagwe, ghafla nilijiona kwa juu, utosi wangu na mikono yangu, kama mwanamke ninayemchunguza. Binti yangu Salma alinikuta mara moja nimesimama na mwiko hewani, nikitazama pembe ya dari.

"Mama, unamtazama nani?" aliniuliza, kwa Kiingereza chake.

"Hakuna mtu," nilimwambia kwa Kiswahili.

Akaitazama pembe ile kwa muda, kisha akaenda kula chumbani.

Sasa niwaeleze habari ya Nilesh, kwa sababu mmeniuliza wote, kwa njia zenu za adabu, kama kazi yetu ina faida yoyote.

Nilesh alikuwa fundi wa miwani, kijana wa miaka thelathini na kitu, akiishi na mama yake mtaa wa Queensbury. Alikuwa na ugonjwa wa kisukari tangu utotoni na alijidunga dawa mwenyewe. Jumamosi moja alikwenda kwenye hekalu la Wahindu la Neasden kusaidia kugawa chakula, akagawia watu wote, yeye mwenyewe akachelewa kula. Mchana akiwa njiani kurudi, sukari ilimshuka. Mnajua inavyokuwa: jasho, kuyumba, maneno kugongana, hasira isiyo na sababu. Aliketi kando ya barabara akampigia kelele mwanamke aliyemuuliza kama ni mzima. Mtu akaita polisi, polisi wakaona mlevi. Walimpeleka kituoni, wakamtoa vitu mifukoni, pamoja na vidonge vya sukari alivyokuwa akitembea navyo kwa ajili ya siku kama hiyo, wakavitia kwenye mfuko wa plastiki. Akawekwa seli ya mwisho. Kufika jioni alikuwa amekufa.

Nilipewa faili pamoja na Colin. Colin alikuwa mpelelezi wa polisi kwa miaka mingi kabla ya kuja kwetu, kama walivyokuwa wengi ofisini. Hilo ndilo jambo la kwanza ambalo familia hutupiga nalo usoni, na wana haki. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye, akiingia kituoni, kila mtu alimpa mkono, na mimi nikaombwa kitambulisho.

Tuliketi kwenye chumba kisicho na dirisha tukamtazama Nilesh. Video ya seli haina sauti. Alikuwa ameketi kwenye kitanda cha saruji, shati limelowa jasho, kichwa kimeinama. Kisha akakiinua. Akageuza uso kwenye pembe ya juu ya ukuta, ambako hapakuwa na kitu ila tundu la hewa lenye bamba la vishimo vishimo, akatulia kama mtu aliyeitwa jina. Akasikiliza. Akajibu. Akasikiliza tena, na safari hii akacheka kidogo, akatikisa kichwa kukubali. Akapanda juu ya kitanda, akalaza shavu ukutani, akaanza kusema neno fulani, tena na tena. Mdomo wake ulikuwa umejificha. Tuliona taya tu likicheza.

Na mara kwa mara kidirisha cha mlango kilifunguka. Mkono ulionekana ukikifungua, ukangoja, ukakifunga. Nilingoja uso. Mtu anapochungulia seli, lazima uso uje kidirishani, jicho hata kama ni moja. Ulikuja mkono tu. Wao waliita hilo kumkagua mahabusu.

Niliitazama video ile hadi nikaanza kuwa na hisia kwamba kuna mtu wa tatu katika chumba chetu, juu, nyuma ya bega langu la kulia. Colin naye alikuwa amesogeza kiti chake mbali na ukuta. Sikumuuliza kwa nini.

Taarifa za wahudumu wa kituo zilifanana. Alikuwa akiongea peke yake. Alikuwa akisikia sauti. Wote walitumia maneno hayo, akisikia sauti, na sajini wa zamu aliongeza kwamba hata daktari asingeweza kujua kwamba tatizo ni sukari, maana kijana alionekana kuwa na maradhi ya akili.

"Wanasema kitu kimoja kwa sababu ndicho walichokiona," Colin aliniambia.

"Au kwa sababu waliketi pamoja kabla ya sisi kuitwa."

"Khadija, umemwona mwenyewe. Anaongea na ukuta."

Nilikuwa nimemwona.

Nilikwenda Queensbury kumwona mama yake. Aliitwa Hansa, mzaliwa wa Kisumu, mwembamba, nywele nyeupe zimefungwa nyuma. Nilianza kwa Kiingereza, kwa yale maneno yetu ya kufungua faili. Alinitazama mdomo kwa muda.

"Wewe ni wa Mombasa," alisema kwa Kiswahili. "Naskia tu vile unavuta maneno."

"Ndiyo, mama."

"Basi ongea na mimi vizuri. Hiyo Kiingereza nimeambiwa nayo mambo mengi wiki hii, na hakuna hata moja nimeshika." Akaniwekea chai. "Wanasema kijana wangu alikuwa anasikia sauti. Ni ukweli?"

"Ndivyo walivyosema."

"Nimemlea na hii sukari tangu ako na miaka sita. Ikishuka anakasirika, anasahau Kiingereza, anasahau hata jina la mtaa. Lakini Nilesh hajawahi kuona mtu mwenye hayuko. Hata siku moja." Akanisogezea kikombe. "Kama aliongea na mtu, dada, kulikuwa na mtu. Enda umtafute."

Nilirudi na treni nikiwa na baridi ambayo haikuwa ya hali ya hewa.

Ilibidi kubishana na kituo kabla ya kuruhusiwa kufanya nilichotaka, ambacho kilikuwa ni kufungiwa ndani ya seli ile. Sajini aliyekuwa zamu siku hiyo, si yule wa kesi, alidhani ninatania. Seli ilikuwa imeshapakwa rangi upya, krimu, na harufu ya rangi ilikaa kooni. Nilimwomba Colin abaki nje aangalie kidirisha. Alisema atanipa muda kidogo, akaelekea upande wa pili wa kituo kuwasalimia watu wake.

Mlango ulifungwa. Ilikuwa baada ya chakula cha mchana, mwanga mweupe ukiingia kwa vipande vya kioo kinene, na kimya kilikuwa cha kutisha kwa jinsi kilivyokamilika. Seli ya jirani ilikuwa tupu, nilihakikisha mwenyewe, na siku ya Nilesh pia ilikuwa tupu kwa sababu ya choo kilichoharibika. Niliketi alipoketi. Nikainamisha kichwa alivyoinamisha.

Mwanamke akaniambia sikioni, "Maziwa?"

Sikupiga kelele. Ile sauti haikutoka nje ya mlango wala haikupita ukutani. Ilikuwa hapa, karibu na nywele zangu, ya kirafiki, kama mtu ameketi kando yangu kwenye kitanda. Nikasikia kicheko. Nikasikia kijiko kikigonga ukingo wa kikombe. Nikapanda juu ya kitanda na kulaza shavu ukutani chini ya lile tundu la hewa, na nilipokwisha kufanya hivyo ndipo nilipotambua nimesimamaje. Kama kamera ilikuwa ikifanya kazi, mle ndani nilikuwa yeye.

Kisha sauti nyingine nikaitambua. Ilikuwa ya Colin.

"Sukari vijiko viwili, tafadhali," alisema. "Mke wangu asijue."

Wakacheka wote. Nikakaribisha mdomo kwenye vishimo vya bamba, na bila kuinua sauti, nikasema, "Colin."

Kicheko kilikatika. Kitu kilianguka kikavunjika. Zikabaki pumzi za watu, za kwao na zangu, zikichanganyika ndani ya bomba lile.

Alipokuja kunifungulia, uso wake ulikuwa kama karatasi. "Nilidhani uko nyuma yangu," alisema. "Niligeuka nikuone. Khadija, niligeuka nikuone."

Alinipeleka jikoni kwa wahudumu. Ilikuwa upande wa pili kabisa, korido nyingine, mlango mwingine. Usingeweza kuhisi kwamba vyumba hivyo vinagusana mgongo. Juu ya kabati la vikombe, nyuma ya birika, palikuwa na mdomo mwingine wa bomba lile la hewa. Nilipanda kiti nikamulika kwa tochi ya Geraldine. Kuzunguka bamba palikuwa na alama za gundi, ya utepe uliobandikwa na kubanduliwa. Mtu alikuwa ameliziba tundu lile, kisha akalizibua.

Chai ya Colin ilikuwa bado mezani. Aliimwaga kwenye sinki na kuosha kikombe kwa muda mrefu sana.

"Nimekunywa chai kwenye majiko kama haya maisha yangu yote," alisema, akiwa amenipa mgongo. Tangu siku hiyo sikuwahi kumsikia akisema kwamba kitu fulani ndivyo kilivyokuwa kwa sababu wote wamesema hivyo.

Tukawaita wote upya. Sajini wa kesi alikuja na wakili na hakukumbuka lolote. Alama za gundi? Labda mafundi. Tundu? Hakujua kama lipo. Wengine hawakukumbuka kwa maneno yaleyale ya sajini. Wa mwisho kuingia alikuwa Leanne, mhudumu wa seli, msichana aliyekuwa mpya kazini wakati ule. Alikuwa na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi pembeni aliyemwambia mara kwa mara kwamba si lazima ajibu. Alijibu kila kitu kwa sauti ndogo, na hakutupa chochote. Nilikuwa nimeshaanza kukusanya karatasi aliposema:

"Naweza kuuliza swali? Alikuwa nani Sukari?"

"Nani?" Colin aliuliza.

"Yule mwanamke. Alikuwa akimwita. Sukari, Sukari, hakuacha. Tulidhani ni mpenzi wake." Mwakilishi akamshika mkono, naye akauondoa. "Tulikuwa jikoni. Mmoja wetu alipanda kwenye kiti akamjibu. Akamwambia Sukari anakuja, subiri kidogo, anajipodoa. Na yeye akacheka! Tulimsikia akicheka. Akasema asante. Halafu akaanza tena, Sukari, Sukari, ikawa inachosha, sajini akachukua taulo la vyombo akaziba kwa utepe. Nimekuwa nikitaka kujua kama mtu amemwambia. Huyo mwanamke. Kwamba alimwita."

Colin alikuwa akinitazama. Hakujua neno lile, lakini aliniona uso. Nilihisi chumba kinapoa kuanzia miguuni. Nilimwona Nilesh akiinua kichwa, akicheka kidogo, akitikisa kichwa kukubali. Alikuwa ameomba na ameambiwa inakuja. Alikuwa akishukuru.

"Leanne," nilisema, "si mwanamke. Ni Kiswahili." Na nikamwambia maana yake.

Mbele yake palikuwa na kikombe cha chai tulichompa, na kipakiti kidogo cha karatasi kando ya kisahani, hakijafunguliwa. Alikitazama. Hakulia. Aliweka mikono yake chini ya meza, mbali nacho, kama mtu aliyeona kinasogea.

Nilikwenda tena Queensbury. Nilimweleza Mama Nilesh kwa Kiswahili, polepole, bila kuficha hata kicheko. Nilipofika kwenye neno lenyewe alifumba macho.

"Babu yake alikuwa na duka Kisumu," alisema. "Hapa London hakuwa na duka, kwa hivyo alicheza duka na mtoto hapo sebuleni. Nilesh ni mteja. 'Unataka nini, bwana?' 'Sukari!' Hiyo ndiyo Kiswahili yote alijua. Akianguka usiku akiwa mdogo, ni hiyo tu anaita." Alifumbua macho. "Kwa hivyo walimskia."

"Walimsikia, mama."

"Na mtu alikuwa huko. Mwenye aliongea naye."

"Alikuwako."

"Basi hakuwa mwendawazimu," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akaegemea kiti.

Nataka mjue mambo yaliishaje, kwa sababu hotuba za kuagana hazisemi. Mahakamani, kwenye uchunguzi wa kifo, raia wa kawaida waliokaa kama juri walisema kwamba kupuuzwa kulichangia kumuua. Mama Nilesh aliwashukuru mmoja mmoja kwa macho. Waendesha mashtaka walisema ushahidi hautoshi kumshtaki mtu. Jopo la nidhamu lilichelewa sana kuketi, na lilipoketi sajini alikuwa ameshastaafu. Likasema alikosea, lakini si kosa kubwa, na kwa mtu aliyekwisha kuondoka hapakuwa na adhabu ya kumpa. Aliyepanda kiti na kufanya mzaha alipewa onyo. Leanne, ambaye bila yeye tusingejua lolote, hakuadhibiwa na mtu, lakini hakuna aliyemsemesha tena jikoni, akaacha kazi mwenyewe.

Na sisi tulitoa mapendekezo. Niliyaandika mimi. Niliandika kwamba usikivu kati ya seli na wahudumu urekebishwe katika kituo kile. Tukajibiwa kwa adabu kwamba pendekezo limetekelezwa, na faili likafungwa.

Mama Nilesh ndiye aliyelifungua, ingawa hakukusudia. Aliomba kuiona seli. Familia nyingi huomba. Nilimpeleka mchana wa siku ya kazi, na inspekta wa kituo alitupokea vizuri, akatuachia. Mama aliingia, akakipapasa kitanda, akatazama juu.

"Ni hapo?"

"Ni hapo, mama."

"Enda jikoni," aliniambia. "Enda uskize."

Sikuwa na moyo wa kukataa. Nilizunguka korido mbili, nikaingia jikoni, nikasimama chini ya kabati la vikombe. Nikasikiliza. Friji ilikuwa ikinguruma. Nikasogea, nikapanda kiti. Nilingoja kwa muda ambao ungetosha kuchemsha birika, nikirudia moyoni, sasa, sasa ataniita. Pakawa kimya. Nikainua mkono nikapapasa, na pale palipokuwa na bamba la vishimo palikuwa na ukuta, laini, umepakwa krimu.

Niliporudi alikuwa ameketi kitandani akihema, kitambaa mdomoni.

"Umeniskia?"

"Sikukusikia, mama."

"Nimepiga kelele mpaka koo imekauka," alisema.

Walikuwa wametekeleza pendekezo langu. Malalamiko yalihusu sauti kupita, nao wakaizuia isipite.

Nilibishana na watu kwa muda uliobaki wa kazi yangu, na wengi wenu mlichoka kunisikia. Safari hii niliandika bila lugha ya adabu: mtu aliye ndani akiita, aliye nje lazima amsikie. Mwishowe waliweka vinasa sauti katika seli zote za kituo kile, na spika kwenye meza ya sajini. Kituo kimoja. Nimeulizwa kama huko ndiko kuwajibika, na nimeshindwa kusema ndiyo, nimeshindwa kusema hapana. Mama Nilesh nilipompigia simu kumwambia, aliniuliza tu, "Umeskia na masikio yako?"

Kwa hiyo katika juma langu la mwisho nilikwenda. Ilikuwa asubuhi, kituo kina shughuli, simu zinalia. Spika ilikuwapo mezani, taa yake ya kijani inawaka, na haikutoa hata mkwaruzo. Niliuliza kama imeharibika.

"Hapana, inafanya kazi," sajini kijana alinijibu, bila ubaya wowote. "Tumeipunguza tu. Inatuvuruga."

Nikanyoosha mkono nikakizungusha kitufe cha sauti mwenyewe.

Mwanzoni ulikuwa mvumo mtupu. Kisha ikaja pumzi. Mtu, katika moja ya seli zile, alikuwa akipumua, ndani, nje, kwa uzito, karibu mno, kana kwamba amelaza shavu kwenye spika kwa upande wa ndani. Ilijaa chumba kizima. Askari aliyekuwa akicheka mlangoni aliacha kucheka. Aliyekuwa kwenye simu aliishusha. Tulisimama pale sote, hakuna aliyemtazama mwenzake, tukimsikiliza mtu tusiyemwona akiendelea kuishi.

"Ni nani huyo?" nilimuuliza sajini.

Alifungua mdomo kujibu, kisha akachukua funguo, akaenda kuangalia.

Hakuna aliyekigusa kitufe muda wote nilipokuwa nimesimama pale. Nilikawia kadiri nilivyoweza, kisha nikafunga koti langu nikaondoka, na mlango ulipojifunga nyuma yangu bado nilikuwa naisikia ile pumzi. Sijui waliipunguza tena lini ile spika. Nendeni mkaangalie.